Munisagara: Mawe Yasiyo na Mlinzi

Kila mtoto aliyepita katika shule ya Tanzania amesikia habari za Mangungo wa Msovero. Jina lake limekuwa kama methali: anayetia saini jambo asilolielewa huambiwa amefunga mkataba wa Mangungo. Lakini Carl Peters, Mjerumani aliyemfikia Mangungo mwishoni mwa Novemba 1884, hakuishia Msovero. Siku chache baadaye, mapema Desemba, alifika katika bonde la Mto Mkondoa, kwa mtawala ambaye makaratasi ya Kijerumani yanamwita Muini Sagara, yaani Mwinyi wa Usagara, naye akawekewa mbele yake karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza akazitumia karatasi hizo kutangaza himaya yake juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alipinga. Mwezi Agosti mwaka uleule manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, naye akalazimika kukubali.

Cheo cha mtawala huyo kimebaki katika jina la Munisagara, kijiji kilicho magharibi ya mji wa Kilosa, na katika stesheni ya Reli ya Kati iliyopo hapo. Neno lenyewe “mwinyi” ni la pwani. Kulikuta ndani ya milima ya Usagara, mwendo wa siku nyingi kwa miguu kutoka Bagamoyo, ni dalili ya kutosha kwamba watu wa pwani, pamoja na lugha yao na dini yao, walishazoeleka katika bonde hilo kabla Mzungu hajaja na karatasi zake.

Dalili ya jina tunayo. Dalili za mawe ndizo zinazotoweka, na ndizo ninazotaka kuzizungumza hapa, kwa kuwa siku hizi karibu kila nyumba ya Kiislamu ina chombo kinachoweza kuzitunza angalau kwa picha, nacho ni simu. Vijana wetu hupenda kupiga picha za magofu. Huzipiga wakiwa safarini, wakasimama mbele ya ukuta uliobomoka, wakatabasamu, na jioni picha imekwishasambaa mitandaoni. Sina ugomvi na tabasamu. Nauliza tu: baada ya miaka ishirini, ukuta ukiwa umekwisha kuanguka, picha hiyo itamweleza nini mtu asiyemjua kijana huyo?

Wa pwani wana bahati kidogo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Kaole, karibu na Bagamoyo, msikiti wake wa karne ya 13 na makaburi yake yana mhifadhi na mlango wa kuingilia. Kunduchi na Tongoni zinajulikana na zimeandikwa. Hata hivyo, tazameni makaburi ya nguzo ya huko pwani. Wazee waliyapamba kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa katika chokaa, na leo katika mengi yake yamebaki matundu ya duara tu, kwa sababu bakuli zilibanduliwa moja baada ya nyingine. Mahali ambapo bakuli ilipigwa picha kabla ya kubanduliwa, angalau umbo na maua yake vinajulikana. Ambapo haikupigwa, hakuna mtu awezaye kusema ilikuwaje. Na Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, likiwa katikati kabisa ya Mji Mkongwe na mbele ya macho ya maelfu ya wageni, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Ikiwa hayo yamelipata jengo mashuhuri kuliko yote Zanzibar, tutarajie nini kwa kaburi lisilo na jina kando ya Mkondoa?

Njia ya misafara

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa na njia kadhaa za kuvuka Usagara, na mojawapo ya zilizokanyagwa zaidi ilifuata bonde hili. Richard Burton na John Speke walipita katika bonde la Mkondoa mwaka 1857, wakiwa na mkuu wa msafara Said bin Salim na askari wa Kibulushi waliotolewa na Sayyid Majid. Henry Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone. Wazungu hawa waliandika vitabu, ndiyo maana majina yao yamebaki. Lakini katika safari zote mbili alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, akarudi akiwa huru, na akawa kiongozi ambaye wasafiri hao wasingefika popote bila yeye. Yeye hakuandika kitabu.

Na nyuma ya hao wanaojulikana kulikuwa na maelfu wasiojulikana: wapagazi wa Kinyamwezi wenye pembe za ndovu mabegani, waungwana wa pwani wenye bunduki na vitambaa, wake na watoto wao, na mateka waliofungwa minyororo wakiteremshwa pwani kuuzwa. Hili la mwisho tusilifiche kwa sababu tu baadhi ya wenye misafara walikuwa wenzetu katika dini. Mawe ya njia hiyo ni ya wote waliopita, waliobeba na waliobebeshwa, na wengine walipokea Uislamu wakiwa katika hali hiyohiyo ya kubebeshwa.

Misafara haikujenga kwa mawe. Vibanda vyake vya kulala vilikuwa vya miti na majani, na mvua ya msimu mmoja ilitosha kuvimaliza. Kwa hiyo asiyejua atazame atakavyotazama, ataona pori tu. Anayejua hutazama miembe mikongwe iliyosimama mahali pasipo na nyumba, kwa kuwa watu wa misafara waliipanda na kuieneza kando ya njia zao. Hutazama vigae vya vyungu na shanga zinazofichuliwa na maji ya mvua katika kingo za makorongo, na mafiga yaliyoungua ambayo hayapo karibu na jiko lolote la leo. Na hutazama makaburi.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO njia hii, ikiitwa Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe, iingizwe katika orodha ya majaribio ya Urithi wa Dunia. Maeneo yaliyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Munisagara haimo. Sisemi kwamba ilistahili kuwamo kuliko hizo. Lakini njia ni mstari, nayo mstari haukai juu ya nukta sita peke yake.

Kuna jambo moja dogo la kuwatahadharisha wanaotafuta habari za bonde hili vitabuni. Mtakutana na habari za kituo cha Wafaransa kilichokuwa Kondoa mwanzoni mwa miaka ya 1880, chini ya Kapteni Bloyet. Kondoa hiyo ni ya Kilosa. Si ile ya Irangi yenye michoro ya miambani, ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka huohuo wa 2006. Nimeona watu wazima, wenye vyeti vyao, wakizichanganya.

Reli na mto

Juu ya nyayo za misafara Wajerumani waliweka reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kutoka Kilosa, reli hiyo ya kipimo cha mita moja huingia milimani pamoja na mto: Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, hadi Gulwe. Mawe mengi ya kuchongwa katika bonde hili ni ya kazi hiyo: kuta za kuzuia udongo, makalavati, nguzo za madaraja. Waliochonga na kuyabeba si mabwana wenye kofia wanaoonekana katika picha za zamani. Ni vibarua wa Kiafrika, na bila shaka miongoni mwao walikuwamo babu wa baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu. Vita vilipofika, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja ya reli yao wenyewe, na Kilosa ikaangukia mikononi mwa Waingereza Agosti 1916. Kwa hiyo katika nguzo moja ya daraja mtu aweza kukuta jiwe la Mjerumani chini na saruji ya Mwingereza juu yake. Mpaka baina ya hayo mawili ni ukurasa mzima wa historia kwa atakayeupiga picha kwa karibu.

Mto nao hauna subira. Mkondoa hukusanya maji ya Kinyasungwe kutoka Dodoma na Mpwapwa, huyapitisha katika bonde jembamba, kisha huyamwaga katika tambarare za Kilosa kabla ya kuyafikisha Wami na baharini. Maji hayo huja na mchanga mwingi. Mchanga hujaza mkondo, mto ukahama, na unapohama huchukua kingo pamoja na vilivyo juu yake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwatoa maelfu ya watu wa Kilosa majumbani mwao, wakaishi kambini, na reli ikakatika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Kila inapokatika, mafundi hutengeneza njia haraka ili treni ipite, kama inavyowapasa. Hakuna anayeagizwa kusimama na kuhesabu mawe ya zamani yaliyokwenda na maji.

Tangu mwaka 2024 abiria wengi wa Dodoma hupita sehemu hizi kwa treni ya umeme, ndani ya mahandaki yaliyotobolewa katika milima ya Kilosa. Ni neema ya Mwenyezi Mungu, na safari iliyokuwa ya siku nzima imekuwa ya saa chache. Ila dirisha la treni hiyo haliachi muda wa kuona mwembe.

Mwaka 1863

Wengi hudhani kwamba kila kilicho cha kale kinalindwa na serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, imeweka mpaka: jengo au kitu kilichotengenezwa na mwanadamu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa moja kwa moja. Cha baada ya hapo hulindwa pale Waziri anapokitangaza katika Gazeti la Serikali. Kwa hiyo kalavati la Mjerumani, hata likiwa zuri namna gani na lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, halina ulinzi wa sheria hiyo mpaka litangazwe. Na kaburi la mpagazi aliyefariki mwaka mmoja na Burton kupita linalindwa kikamilifu, lakini nani atakayethibitisha kwamba ni la wakati huo? Rundo la mawe halina hati ya kuzaliwa.

Kuna sheria nyingine ambayo kila kamati ya msikiti ingefaa kuifahamu, nayo ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Hiyo huiruhusu serikali kuhamisha makaburi ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, na huwapa wahusika wa maiti nafasi ya kujulishwa, kushirikishwa na kulipwa gharama. Sharti lisilosemwa ni kwamba kaburi lijulikane. Barabara inapopanuliwa, au bwawa linapochimbwa, au shamba kubwa linapopimwa, mwenye kaburi linalojulikana hujitokeza na kusema, maiti huyu ni wetu, azikwe kwa taratibu za dini yake. Kaburi lisilojulikana hupitiwa na tingatinga, na mwendeshaji wake wala hana kosa, kwa sababu kwake yeye yale yalikuwa mawe.

Ndiyo maana nasisitiza makaburi kuliko kuta. Na katika hilo Mwislamu ana elimu ambayo mpiga picha mwingine hana. Kutoka Kilosa, Makka iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo tu. Maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Basi katika nchi yetu kaburi lake hulala mashariki kwa magharibi, kichwa kikiwa upande wa mashariki. Mkikuta safu ya marundo ya mawe marefu kichakani, yote yamelala hivyo, dira ya simu imekwisha kuwaambia jambo kubwa. Vivyo hivyo kwa gofu la nyumba ya mawe au ya udongo mahali popote katika Afrika Mashariki: tafuteni ukuta wa kaskazini. Ukiwa na shubaka la mihirabu katikati yake, hiyo haikuwa nyumba ya mtu. Watu walisujudu hapo.

Hukumu ya picha yenyewe

Msomaji mmoja atauliza: je, dini inasemaje kuhusu picha? Wanazuoni wametofautiana kuhusu picha za viumbe vyenye roho, na hasa kuhusu kamera, ambayo haikuwapo zama za waliotangulia. Wapo wanaoikataza, na wapo wanaoiona kuwa ni kama kioo kinachoshika kivuli. Lakini katika mawe na miti hakuna ugumu huo. Imepokewa katika Bukhari kwamba mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kuchora alimwendea Ibn Abbas, Allah awe radhi naye, akauliza hali yake, naye akamwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Mzazi anayeona mashaka juu ya watoto wake kujipiga picha wenyewe kila dakika, basi huu ni mlango mpana: awape kazi ya mawe.

Qurani nayo inatuita mara nyingi, katika Aal Imran, katika Ar-Rum na kwingineko, tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Kutazama huko si utalii. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita katika nchi ya Al-Hijr akielekea Tabuk, penye majumba ya Thamud yaliyochongwa majabalini, aliwakataza Maswahaba kuingia kwa watu wale walioadhibiwa isipokuwa wakiwa katika hali ya kulia, akafunika kichwa chake na kuharakisha mwendo. Makaburi ya Waislamu kando ya Mkondoa si ya watu wa adhabu, na hukumu yake ni nyingine: tunawatolea salamu, tunawaombea dua, tunakumbuka Akhera. Hatukai juu ya kaburi. Hatukanyagi ili kupata pembe nzuri ya picha. Wala hatuligeuzi kuwa mahali pa kuombea haja kwa sababu tu ni la kale na halijulikani ni la nani. Nalisema kwa kuwa nimeona jinsi ugunduzi unavyogeuka: leo kaburi limefyekewa majani ili lipigwe picha, mwezi ujao pana kitambaa na ubani.

Namna ya kupiga

Familia inayotaka kufanya kazi hii isianzie porini, ianzie ofisi ya serikali ya kijiji. Mgeni mwenye kamera anayezungukazunguka makaburini huzua maswali, na wenyeji wana haki ya kuyauliza. Kwenye reli hali ni kali zaidi: njia za reli, madaraja na stesheni ni miundombinu ya taifa, hupigwi picha hivihivi bila ruhusa ya Shirika la Reli, na kutembea juu ya mataruma ni hatari na ni kosa. Kilicho cha reli, mtu akitazame kutoka njia ya watu, au aombe kibali.

Msimu wa kufaa ni wa kiangazi, baina ya Juni na Oktoba, nyasi zimekauka na mto umepungua. Saa za kufaa ni mbili: baada ya jua kuchomoza, na kabla ya Magharibi. Mwanga wa adhuhuri huja kutoka juu na kulifanya jiwe lionekane kama sahani tupu, lakini mwanga wa ubavuni hutia kivuli katika kila mkwaruzo. Herufi ambazo mchana hazisomeki, asubuhi hujisoma zenyewe. Kama kivuli hakitoshi, mmoja ashike kipande cha kioo au karatasi nyeupe atupie mwanga kutoka pembeni. Asichukue chaki kujazia herufi, wala asimwage maji, wala asikwangue kuvu kwa kisu. Chokaa ya zamani ni laini kuliko inavyoonekana, na jiwe lililodumu miaka mia mbili laweza kuharibiwa na bidii ya nusu saa.

Picha moja haitoshi. Ya kwanza ipigwe kutoka mbali, ili mlima au mwembe ulio nyuma uonekane na mahali pajulikane hata njia ikibadilika. Kisha pande zote nne, moja moja, na dira ikionyesha kaskazini. Kisha karibu, na rula au futikamba iwe imelazwa kando ya jiwe, kwa sababu katika picha jiwe la kiganja na jiwe la mlango hufanana. Programu ya ramani katika simu huonyesha namba za latitudo na longitudo za mahali mliposimama. Ziandikwe katika daftari, pamoja na tarehe, majina ya waliokuwapo, na lile ambalo simu haiwezi kulijua: wenyeji wanapaitaje. Daftari apewe mtoto mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Kazi hiyo huwafaa sana watoto wa miaka kumi hadi kumi na tano, ambao huona vitu vidogo na bado hawajajifunza kuongeza chumvi.

Kuhusu chumvi, niseme neno. Simu za kisasa hulainisha na kung’arisha zenyewe, na zipo programu zinazoweza kulijazia gofu sehemu iliyobomoka kana kwamba ipo. Kwa picha ya harusi sina neno. Kwa picha ya gofu huo ni ushahidi wa uongo. Picha halisi ihifadhiwe kama ilivyotoka, yenye kivuli chake na uchafu wake, na nakala yake iwekwe mahali pengine zaidi ya simu hiyo, kwani simu huibiwa na huangukia ndooni. Mliyoyaona yaandikwe kuwa mliyoyaona, na mliyoambiwa yaandikwe kuwa mliambiwa, na ni nani aliyewaambia. Ummah uliohifadhi hadithi kwa isnadi haupaswi kufundishwa hili na mtu wa nje.

Wako wanaofanya kazi hii kwa vyombo vikubwa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima magofu ya Kilwa na Songo Mnara kwa miale ya leza, kila ukuta kwa vipimo vyake. Mjerumani Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza, aliacha picha nyingi za koloni hilo ambazo sasa zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani, na nyingi zinaweza kutazamwa bure mtandaoni. Kijana mwenye subira anaweza kutafuta humo picha za reli na za miji iliyo kando yake, akaenda kusimama alipokuwa amesimama Dobbertin, akapiga tena. Picha mbili za mahali pamoja, zikiwa zimeachana miaka mia moja na zaidi, husema mambo ambayo moja peke yake haiwezi kuyasema.

Baki moja la hatari. Katika mikoa yetu mingi kuna imani kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu na rupia, na kwamba jiwe lolote lenye alama ni ramani ya hazina hiyo. Watu huchimba usiku chini ya majengo ya zamani, na hufukua hata makaburi. Mwenye kupandisha mtandaoni picha ya jiwe lenye maandishi, pamoja na jina la kijiji na namba za mahali, atakuwa amewachorea njia. Picha ya sura ya jiwe inaweza kuonyeshwa watu. Namba za mahali zibaki katika daftari, na nakala zake zipewe serikali ya kijiji, msikiti wa karibu, na Idara ya Mambo ya Kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kuja kukagua. Na ikiwa mvua imefichua kitu, iwe ni shanga au kigae au mnyororo, kipigwe picha pale pale kilipolala, kiachwe, na habari zake zipelekwe. Kuchimba bila kibali ni kosa la jinai, na kitu kilichotolewa mahali pake hupoteza nusu ya maana yake.

Kilichobaki ni mazungumzo, nayo yanakwenda haraka kuliko mawe. Wazee waliosimuliwa na babu zao habari za misafara na za ujenzi wa reli ni wachache kila mwaka. Mpelekeeni mzee picha ikiwa imesafishwa katika karatasi kubwa, kwa kuwa macho yake hayawezi kioo cha simu. Baada ya shikamoo na kahawa, msimwulize, hili ni gofu la karne gani. Muulizeni nani alikuwa akilima hapa alipokuwa mdogo, na kwa nini waliambiwa wasikate ule mwembe, na mto ulikuwa unapita upande gani wa mawe haya. Hilo la mto atalikumbuka.